Joto la Nyumba Wakati wa Kipupwe

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya mkulima mwenyewe akisharudi nyumbani jioni, nguo zimelowa ukungu, miguu ya baridi, na watoto wanamngoja. Tutazungumza juu ya joto la nyumba: namna ya kulipata bila kuhatarisha maisha, na bila kumaliza fedha ya kabichi katika mita ya umeme.

Maneno haya nawaelekeza zaidi wale wanaokaa milimani Uluguru: Nyandira, Tchenzema, Bunduki, Langali, Kikeo na vitongoji vyote vya juu. Lakini hata wewe uliye Makambako au Lushoto, sikiliza, yatakufaa.

Wageni wengi hushangaa wakisikia Morogoro kuna baridi. Wanaijua Morogoro ya mjini, kituo cha mabasi, jua kali. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Lakini ukipanda Mgeta unavuka mita 1,500, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kwa kawaida hewa hupungua joto kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Basi siku ambayo watu wa mjini wana nyuzi 25 mchana, wewe huko juu una 19 au chini ya hapo; na usiku wa mwezi wa sita, wa saba na wa nane, ukungu ukishashuka, mambo ni mengine kabisa. Kuni nazo zimeloa. Mtoto anakohoa, bibi anatetemeka. Ni haki yenu kutafuta joto.

Shida ni namna tunavyolitafuta. Wengi wetu tunafanya hivi: tukimaliza kupika, tunachukua jiko la mkaa lenye makaa mekundu, tunaliingiza chumbani, tunafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, tunalala. Ndugu msikilizaji, jambo hili linaua. Nalisema mapema kabla ya mengine yote, ili kama utazima redio sasa hivi uende shambani, uondoke na hili moja: makaa ya moto yasilale chumba kimoja na mtu.

Utaniuliza, mbona wazee wetu walilala na moto miaka yote? Swali zuri. Jibu ni kwamba nyumba imebadilika, lakini desturi haikubadilika. Nyumba ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi. Moshi ulipenya kwenye nyasi, upepo uliingia kwenye ukingo wa ukuta. Hata hiyo haikuwa salama kamili, na macho na mapafu ya mama zetu yaliumia. Lakini nyumba ilikuwa inapumua. Leo tumejenga kwa tofali za kuchoma, tumepiga lipu, tumeezeka bati, tumetia vioo madirishani. Hayo ni maendeleo na tunayafurahia. Lakini nyumba ya namna hiyo ukiifunga usiku haipumui tena. Ukiweka makaa ndani yake, umejifungia pamoja na sumu.

Sumu hiyo ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kwa hiyo yule anayesema, "Mkaa wangu umeshawaka vizuri, hauna moshi, hauna neno," anajidanganya. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa hiyo, na hata yale yaliyofunikwa majivu yanaendelea kuitoa polepole usiku kucha.

Inaua namna gani? Damu yetu ina kazi ya kubeba oksijeni, ile hewa safi tunayoivuta, na kuipeleka mwilini kote. Hewa ya mkaa ikiingia mapafuni, inaishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inajaa sumu, na oksijeni inakosa mahali pa kukaa. Ni kama mkokoteni uliojazwa mawe: hata ukiwa na mahindi mengi pembeni, huna pa kuyapakia. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaishiwa nguvu. Aliye macho anaweza kutoka nje. Aliyelala usingizi hapati onyo hilo, anapitiliza. Watoto wadogo, wazee na akina mama wajawazito huathirika upesi zaidi, na mtoto aliye tumboni yumo hatarini hata kama mama mwenyewe amepona.

Wapo wasemao kwamba ukiweka beseni la maji karibu na jiko, maji yatanyonya sumu. Sivyo. Maji hayainyonyi hewa hii. Wapo wasemao kwamba anayelala kitandani yuko salama kuliko wa mkekani. Sivyo pia. Uzito wake unakaribiana na hewa ya kawaida, kwa hiyo inaenea chumba kizima, juu na chini.

Na wale wanaomwekea jiko chumbani mama aliyejifungua, ili yeye na mtoto mchanga wapate joto, tafadhali sikilizeni vizuri. Mnamtakia heri, lakini mnawaweka pabaya watu wawili dhaifu kuliko wote nyumbani. Mpeni nguo nzito, uji wa moto, blanketi, na mtoto akae kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi. Hilo ni joto zuri wanalolishauri hata waganga na wakunga hospitalini.

Ikitokea umewakuta watu wamelewa hewa ya mkaa, usikae ndani kuwauliza maswali. Fungua mlango na madirisha, watoe nje kwenye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali au kituo cha afya upesi, hata kama wameanza kusema wamepata nafuu. Asiyepumua apewe msaada wa kupumua na anayejua kazi hiyo, huku mwingine akitafuta chombo cha kumsafirisha.

Haya. Sasa tuje kwenye umeme. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimepanda milima ambayo zamani tulidhani haipandiki. Wenye umeme wameanza kuuliza juu ya hita, kile chombo cha kupasha chumba joto. Je, hita inafaa? Jibu langu ni hili: hita haitoi hewa ya mkaa, na kwa hilo inalishinda jiko mbali sana. Lakini ina hatari zake mbili. Ya kwanza ni moto. Ya pili ni kumaliza umeme.

Tuanze na umeme, kwa sababu huo ndio unaouma kila siku. Geuza hita yako uangalie kibandiko nyuma au chini. Utaona imeandikwa wati, labda 1,000, labda 2,000. Wati 1,000 zikiwaka saa moja zinakula uniti moja. Basi hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kila saa. Ukiiwasha saa nne, tangu saa mbili usiku mpaka saa sita, umekula uniti nane. Siku kumi ni uniti 80. Sasa kumbuka kwamba mteja mdogo wa nyumbani anayelipa ile bei nafuu ya umeme hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo hita moja, kwa siku kumi tu, imekuvusha mpaka huo hata kabla hujahesabu taa, redio na kuchaji simu. Ukishavuka, bei ya uniti inapanda sana. Ndipo utasikia mtu analalamika kwamba LUKU inamwibia. Mita haikumwibia, ni hita imekula.

Na usidanganywe dukani. Hita zinazouzwa kwetu ni za aina tatu hasa. Ipo yenye nyaya zinazowaka nyekundu nyuma ya wavu. Ipo yenye feni inayopuliza hewa ya moto. Na ipo yenye mapanga ya chuma kama mbavu, ambayo ndani yake yamefungwa mafuta. Umeme huyapasha nayo hupasha chumba. Muuzaji atakwambia hii inatoa joto zaidi kwa umeme kidogo. Hapana. Kwa hizi zote tatu, uniti moja inatoa joto lile lile. Tofauti ni namna joto linavyokufikia. Ya nyaya nyekundu inakupasha upesi wewe uliyekaa mbele yake, lakini ndiyo rahisi zaidi kuunguza kitu. Ya feni inapasha hewa ya chumba upesi, ikizimwa baridi inarudi upesi. Ya mafuta inachelewa, lakini haina waya mwekundu ulio wazi, na ukiizima inabaki na joto kwa muda. Penye watoto, kama uwezo upo, hiyo ya mafuta ndiyo ya kuchagua.

Lakini kabla hujanunua yoyote, hapana budi uitazame nyumba yako. Nyumba yetu ya milimani kwa kawaida ni bati tupu bila dari. Joto hupanda juu. Likifika kwenye bati, linatoka. Kuwasha hita chini ya bati tupu ni kama kuchota maji kwa pakacha: unachota kutwa na mtungi haujai. Basi anza na kazi hizi ambazo haziitaji umeme. Ziba mwanya ulioko kati ya ukuta na bati. Weka tambara lililokunjwa chini ya mlango. Weka dari, hata ya matete yaliyofumwa, ukiiacha mbali na taa na nyaya. Chagua chumba kimoja kidogo ndicho mkae jioni, badala ya kupasha nyumba nzima.

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana mpangilio wa kazi hizi ni jambo la uhai. Kwanza toa makaa nje ya nyumba moja kwa moja, ndipo uzibe mianya. Usizibe mianya huku ukiendelea kuingiza jiko chumbani. Mianya ile ndiyo iliyokuwa inakuokoa bila wewe kujua. Mahali panapopikiwa kwa kuni au mkaa paachwe wazi, penye dirisha na tundu la kutolea moshi. Mkitaka kuota moto, oteni jikoni mlango ukiwa wazi, mpige hadithi, kisha moto uzimwe kwa maji au mchanga, na watu waende kulala chumba kingine. Na jiko usiliweke barazani chini ya dirisha la chumba cha kulala. Hewa itarudi ndani.

Jambo linalofuata ni hili: pasha mtu, usipashe nyumba. Mtu akilala, mwili wake wenyewe ni jiko. Kazi yetu ni kulizuia joto lake lisitoke. Baridi nyingi inatoka chini, kwa hiyo tandika mkeka au magunia safi makavu chini ya godoro. Vaa soksi na kofia. Badili nguo zilizolowa kabla ya kukaa. Kisha jaribu mfuko wa mpira wa maji ya moto, ule unaouzwa katika maduka ya dawa. Kuchemsha lita mbili za maji kwa birika la umeme kunatumia kama sehemu moja ya tano ya uniti, na ukichemsha kwa kuni zile zile ulizopikia ugali hutumii uniti hata kidogo. Acha maji yapoe kidogo, jaza mfuko usifure, funga kizibo barabara, uviringishe kwa kitambaa, uweke miguuni ndani ya blanketi. Utakukuta una joto saa kadhaa. Linganisha mwenyewe na uniti mbili kwa saa. Ila usiuweke kwenye ngozi ya mtoto mchanga au mgonjwa asiyeweza kujisogeza, na usitumie chupa ya soda ya plastiki kwa maji yanayochemka. Inanywea na kumwaga.

Ukishafanya hayo yote, hita unaitumia kidogo tu. Kwa mfano, hita ya wati 1,000, nusu saa kila usiku, wakati wa kuogesha watoto na kuwavalisha, au wa kupasha chumba kabla ya kulala. Hiyo ni nusu uniti kwa usiku, uniti 15 kwa mwezi. Hapo hita imekuwa mtumishi wako.

Sasa juu ya hatari ya moto. Shikeni mambo haya.

Kwanza, nafasi. Hita ikae mita moja mbali na kitu chochote kinachoungua: kitanda, godoro, pazia, magunia, na hasa chandarua. Ikae sakafuni pasipoyumba, si juu ya kiti wala kitandani.

Pili, usianike kitu juu yake. Najua ukungu wa kwetu. Nepi hazikauki, sare ya shule haikauki. Lakini nguo ikianguka kwenye nyaya nyekundu, inashika moto kabla hujafika mlangoni. Wala usikaushie mbegu, maharage au mahindi kwa hita.

Tatu, plagi ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Usitumie ekstensheni pamoja na redio, pasi na chaji za simu. Hita ya wati 2,000 inavuta kama ampea tisa. Soketi nzuri ya ampea 13 inazimudu, lakini ile ekstensheni nyembamba ya bei rahisi inachemka, mpira unayeyuka, na moto unaanzia nyuma ya kabati usikoona. Ukiiviringisha ndiyo mbaya zaidi. Baada ya dakika kumi gusa plagi. Ikiwa ya moto, au soketi imekuwa nyeusi, zima, chomoa, mwite fundi.

Nne, nyaya za nyumba. Nyumba nyingi vijijini zimefungwa kwa ajili ya taa na redio tu. Wengine mna kile kifaa cha UMETA kilichowaondolea gharama ya kutandaza nyaya. Kabla ya hita, muulize fundi mwenye leseni kama nyaya zako zinaweza kubeba mzigo huo, na kama waya wa ardhini umefungwa. Fyuzi ikikatika usiweke msumari wala kipande cha waya. Fyuzi inakatika ili nyumba isiungue.

Tano, usilale nayo ikiwaka. Kabla ya kulala, kabla ya kwenda shambani, zima na chomoa. Umeme ukikatika, chomoa hapo hapo. Ukirudi usiku wa manane au ukiwa bondeni unapalilia, hita itawaka peke yake na hakuna wa kuitazama.

Sita, maji. Mikono iliyolowa isiguse plagi. Hita isiingie bafuni wala kwenye sakafu iliyolowa.

Saba, wale wanaochukua koili tupu, wanaiweka juu ya tofali na kuiita hita. Hiyo si hita, ni mtego. Koili ile ina umeme wenyewe. Mtoto akiigusa kwa mkono au kijiko, habari yake imekwisha. Iondoeni leo.

Moto ukishaanza kwenye chombo cha umeme usimwagie maji. Zima mein swichi kwanza, toa watu, kisha tumia mchanga mkavu. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini mlimani msaada wa kwanza ni jirani. Mpigie kelele mapema.

Kabla sijamaliza, neno kwa wafuga kuku. Wengi mnalea vifaranga ndani ya nyumba mnamolala, kwa kuogopa wezi na vicheche, na mnawapasha kwa jiko la mkaa. Yote niliyoyasema yanahusu hapa pia: hewa ile inaua vifaranga, na inawaua ninyi. Watengeni chumba chao chenye tundu la hewa juu. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Ukitumia balbu, iwe ile ya zamani inayochemka. Taa za kisasa za LED hazina joto la kutosha. Balbu ya wati 100 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti mbili na sehemu nne kwa siku. Iingize katika hesabu ya kuku wako. Ining'inize kwa mnyororo au waya mgumu, si kwa waya wake wa umeme, maana ikiangukia maranda banda litaungua. Kisha watazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya pamoja wana baridi. Wakikimbilia ukutani wanaungua. Wakitawanyika na kula, hapo ni sawasawa.

Ndugu wakulima, fedha ya njegere na karoti ni ngumu kuipata, na mtu hapatikani tena akishapotea. Mtakapokaa katika kikundi chenu wiki hii, jadilini maswali matatu. La kwanza: ni nyumba ngapi katika kitongoji chetu zinaingiza jiko la mkaa chumbani usiku, na nani atakwenda kuzungumza nao? La pili: nani kati yetu anaweza kuwafundisha wengine kufuma dari ya matete? La tatu: kila mwenye hita amesoma wati zake na kupiga hesabu ya uniti za mwezi? Msiahirishe mpaka baridi ishuke. Kipupwe kikifika kikute makaa yako nje, mianya imezibwa, na blanketi zimeanikwa juani.

Kwa leo naishia hapa.